Buti la Pikipiki Nalo ni Khofu

Juzi barazani, baada ya swala ya Isha, palizuka mjadala ulionifanya nishike kalamu. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, alikuwa amesikia kwamba kijana wetu aliyeko London hutia udhu bila ya kuvua buti lake la pikipiki. Hupitisha mkono wenye maji juu ya buti, basi, akaenda kuswali. Mzee akasema, "Huyo keshakuwa Mzungu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwahi kusema neno, maana kahawa ilikuwa imekwisha na watu wanainuka. Nitasema hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Huku kwetu Mombasa, Julai kipupwe kinapoingia na kusi inapovuma, alfajiri hupoa hadi nyuzi 20 hivi, nasi tukajikunyata kwa sweta. Mimi nimekaa London, na nimepanda pikipiki kwa misimu mitatu ya baridi kwa kuwa kazi yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi na basi la kunifikisha kwa wakati halikuwapo. Huko, nyuzi 5 katika Januari ni siku ya kawaida. Mtu aliyesimama atazivumilia. Lakini mwenye pikipiki hakusimama. Akienda kilomita 50 kwa saa, upepo humnyang'anya joto hata ngozi ikahisi kwamba iko chini ya sufuri kwa nyuzi 1. Siku ambayo ni sufuri yenyewe, naye anakwenda kilomita 80, ni kama nyuzi 10 chini ya sufuri. Na hiyo ni ngozi kavu. Ngozi yenye maji ni habari nyingine kabisa.

Vidole huanza kwa kuuma. Kisha huacha kuuma, na hapo ndipo penye hatari, kwani mpandaji hudhani kwamba amezoea. Kumbe vimekufa ganzi. Klachi na breki ya mbele zi katika vidole, breki ya nyuma i chini ya mguu wa kulia; basi mtu ambaye mikono na miguu yake haina habari ni sawa na aliyepanda chombo kisicho breki. Na barabara nayo haimsaidii. Tairi likiwa baridi huwa gumu na halishiki lami vizuri. Mahali pengine, hasa chini ya miti na juu ya madaraja, kuna utando wa barafu mwembamba usioonekana, lami inaonekana nyeusi vile vile kama kawaida yake. Serikali za mitaa humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hiyo huila minyororo na vyuma vya pikipiki kama inavyokula mabati ya nyumba zetu za pwani.

Wapandaji wa zamani walinifundisha kutia gazeti kifuani, chini ya koti, kwa sababu karatasi huzuia upepo kuliko sweta mbili. (Mhariri asiudhike, gazeti lenyewe nilikuwa nimeshalisoma.) Walinifundisha pia kusimama kando ya njia na kuikaribisha mikono kwenye injini mpaka vidole virudi. Hakuna aliyeniambia kwamba kufanya hivyo ni kukosa uanaume.

Sasa tuje kwenye udhu. Katika Desemba mchana wa London ni mfupi ajabu. Adhuhuri huingia karibu na saa sita, Alasiri kabla ya saa nane, na Magharibi kabla ya saa kumi. Swala tatu huangukia ndani ya saa nne, na zote ziko katikati ya kazi. Mwenye kazi ya kupeleka vifurushi kwa pikipiki, kama huyo kijana wetu, atatawadha huko huko njiani, kwenye choo cha kituo cha mafuta au bomba la uani, kwa maji yanayokata kama wembe.

Kijana huyo alipofika Ulaya alikuwa akifanya kama alivyolelewa: anavua buti, anavua soksi, anaosha miguu mpaka juu ya vifundo, halafu kwa haraka ya kazi anairudisha miguu mibichi ndani ya soksi. Nilimwambia mara moja kwamba dini imempa ruhusa. Akanijibu kwamba kwao hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na babake alimwambia kwa simu asije akalegeza dini kwa ajili ya baridi. Siku moja ya Januari, baada ya Alasiri, gari la mbele yake lilisimama ghafla. Anasema aliukanyaga mguu wa kulia, lakini hakujua kama umefika kwenye breki au haukufika. Alivunjika mtulinga, akalala hospitali, na miezi miwili hakufanya kazi wala hakutuma kitu nyumbani. Mama yake ameniridhia niyaeleze haya, mradi nisimtaje jina.

Babake simlaumu. Ni kweli kwamba kwao hakuna aliyewahi kufanya. Nani atavaa khofu za ngozi Lamu au Mombasa, katika jua hili? Mlango wa kupaka maji juu ya khofu tumeusoma sote chuoni, tukaupita upesi upesi kama mlango wa zaka ya ngamia, kwa kuwa hatukuwa na khofu wala ngamia. Lakini kutokuwa na haja ya jambo si dalili kwamba jambo hilo halimo.

Nalo limo, tena kwa masharti yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, khofu ivaliwe mtu akiwa na tohara kamili, iwe tohara yenyewe, isitiri mguu pamoja na vifundo vyake, isipitishe maji, na iwe na nguvu ya kutembelewa. Mkaazi ana siku moja na usiku wake, msafiri ana siku tatu na masiku yake, na hesabu huanza pale udhu unapotenguka baada ya kuivaa. Akiivua, ruhusa imekwisha na miguu ioshwe. Lipatikane janaba, haifai tena, sharti avue aoge. Haya, lichukue buti la pikipiki, la ngozi ya ng'ombe, linalopanda hadi nusu ya muundi na lililoshonwa lisiingize mvua. Limekosa nini?

Mimi nilikuwa nikitawadha nyumbani kwa maji ya moto, nikikausha miguu barabara, ndipo nikavaa. Mchana kutwa nilipaka juu ya buti. Mikono hakuna njia, glavu si khofu, lazima zivuliwe na mikono ioshwe. Basi nilichukua kitambaa kikavu mfukoni, na kitambaa hicho nilikiona na thamani kuliko saa yangu. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba ni mlango wa wavivu. Mvivu hakai akihesabu saa tangu udhu wake ulipotenguka.

Ama kuhusu baridi na dini, wanaocheka barazani wamkumbuke Amr bin Al-As katika vita vya Dhatu Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra. Aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kwamba akioga ataangamia, akatayamamu na akawaswalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari alimuuliza, naye akataja ile aya inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, asimwambie kitu. Wanavyuoni wetu wana maneno yao kuhusu kuirudia swala ya namna hiyo, lakini hatujasikia kwamba Amr aliambiwa amekuwa Mrumi.

Wala haya si ya Ulaya tu. Vijana wetu wako Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, wanaendesha bodaboda Julai alfajiri huku wamevaa makoti kinyumenyume, mgongo mbele, ili upepo usipite kwenye vifungo. Wengi wao wanavaa ndara.

Kijana wangu amepona, na amerudi barabarani. Mwezi uliopita aliniuliza juu ya buti jipya lenye zipu ubavuni, kama lafaa. Nilimpelekea suali sheikh wa mtaani kwetu, akaniambia kwamba maadamu likifungwa mguu hauonekani, lafaa. Yule mzee wa barazani nitampelekea gazeti hili mwenyewe kwa mkono wangu, pamoja na buti langu la kulia, ambalo lingali stoo.