Kiasi Hakiuzwi Kwenye Chupa



Ndugu msomaji, katika parokia zetu nyingi ukitoka Misa ya Dominika utakuta meza ya chupa na vikopo: unga wa mlonge, mafuta ya habasoda, vidonge vya manjano. Muuzaji atakueleza kuwa vina antioksidanti, yaani viini vinavyozuia chembe haribifu zinazotokana na oksijeni mwilini, na kwamba vinaondoa kisukari, presha na kitambi. Maoni yangu ni kwamba maelezo hayo yanachanganya ukweli na kosa la kimantiki, na kanisa lisiyape kibali.

Ukweli ni huu. Mafuta yakizidi tumboni na kwenye ini, chembe hizo haribifu huongezeka na insulini hufanya kazi kwa shida. Ndiyo maana kisukari cha aina ya 2, shinikizo la damu na ini kujaa mafuta mara nyingi hufuatana. Ni kweli pia kwamba mboga na matunda vina antioksidanti, na wanaovila kwa wingi huwa na afya nzuri zaidi.

Kosa ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye kidonge. Mantiki inatufundisha kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa moja ndilo chanzo cha lingine. Walaji wa mboga zenye beta-karotini walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Watafiti wa Finland wakaijaribu beta-karotini ya vidonge katika utafiti wa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Mwaka 2009, utafiti wa Ujerumani ulionyesha kuwa mazoezi yaliboresha kazi ya insulini kwa vijana, lakini waliomeza vitamini C na E hawakupata faida hiyo.

Tuliangalie pia neno “asili”. Metformini, dawa maarufu ya kisukari, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kiini cha mmea wenyewe kilikuwa na sumu. Ilibidi wataalamu watafute kiini salama zaidi na kupima kipimo chake na madhara yake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kwamba Mungu hutoa dawa katika ardhi, na sura hiyohiyo inamheshimu tabibu. Tusichukue nusu ya fundisho.

Kuna njia iliyopimwa. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuatilia watu 3,234 waliokuwa hatarini kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliotumia metformini, kwa asilimia 31. Mtakatifu Thomas wa Akwino angeitambua njia hiyo, maana ni fadhila ya kiasi. Katekisimu, namba 2290, inaitaja fadhila hiyo dhidi ya kupindukia katika chakula, pombe, tumbaku na hata madawa.

Hata hivyo, tusimgeuze mnene kuwa mwenye dhambi. Unene una vyanzo vingi: urithi, kazi za kukaa, na vyakula vya bei nafuu vyenye sukari na mafuta. Kwa sababu hiyo kiasi kiwe kazi ya jumuiya. Sherehe zetu zinaweza kuwa na maji na matunda pamoja na soda na maandazi. Sisi waseminari tuutumie uwanja wa michezo kila jioni. Wauguzi waumini wanaweza kupima presha na sukari kwenye jumuiya ndogo ndogo.

Ninachohofia zaidi ni mama anayeacha vidonge vya hospitali kwa sababu ya chupa aliyoinunua kanisani. Sukari hupanda bila kelele, ikiharibu macho, figo na miguu. Asiache dawa kabla ya kuongea na daktari. Nasi tusiwape wauzaji nafasi katika matangazo ya Misa wala meza mlangoni, kwa sababu muumini akiona tumenyamaza atadhani tumebariki.