Kuvu wa baharini: Somo kutoka Cagliari

WAKATI usugu wa bakteria dhidi ya dawa ukizidi kuitikisa dunia, wachache wanajua kwamba asili ya sindano ya seftriaksoni, inayotumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki, ni kuvu, au fangasi, aliyetolewa katika maji ya bahari.

Mwaka 1945, Profesa Giuseppe Brotzu wa Cagliari, Italia, alichota maji ya pwani karibu na bomba la majitaka. Alishuku kuwa humo mna kiumbe kinachoua bakteria, na akafanikiwa kumtenga kuvu mmoja.

Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Maji huchujwa, kisha mabaki hupandwa katika kisahani chenye chakula na dawa ya kuzuia bakteria. Kila kuvu anayeota huhamishiwa kisahani chake. Hadubini huonyesha umbo lake, na siku hizi vinasaba huthibitisha jina.

Ugumu huanzia hapo. Kwa kukosa uwezo wa kuendelea, Brotzu alipeleka kuvu wake Oxford, ambako Edward Abraham na Guy Newton waligundua kemikali iliyozaa dawa za sefalosporini. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1964. Mapato ya hataza yakaenda Uingereza.

Mwaka 2019 pekee, usugu huo ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Dawa mpya zinahitajika, na bahari ipo. Lakini nchi ya pwani itakayoishia kwenye kisahani, bila kuwekeza katika maabara za kemia, itagundua dawa kisha iinunue kwa wengine.