NJIA NI HAKI YA JIRANI, SI HISANI YAKO



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo lina swali moja tu: ukuta wako umesimama wapi?

Nauliza kwa sababu wapimaji wanapita mitaani kwetu kwa kazi ya urasimishaji. Wanaitisha mkutano, wanatandaza ramani, wanaeleza kuwa ili mtaa upate barabara, wenye nyumba za kandokando waachie mita moja au mbili. Hapo ndipo unamsikia mtu aliyetoka kuswali Isha sasa hivi akipandisha sauti: "Kiwanja nimekinunua kwa jasho langu! Siachii hata inchi!" Na watu wanampigia makofi.

Wewe uliyepiga makofi, nisikilize. Wewe uliyesema, nisikilize zaidi. Njia unayopita kila siku kufika kwenye hicho kiwanja chako, ni jasho la nani? Kuna mtu alikuachia. Kama naye angesema hata inchi, ungeingia nyumbani kwako kwa kuruka ukuta.

KWANZA: HUKUMU YA NJIA IKO WAZI

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba watu wakizozana kuhusu njia, basi iwekwe upana wa dhiraa saba. Dhiraa ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima mwenyewe: dhiraa saba ni mita tatu na kitu. Gari la wagonjwa linapita hapo. Hukumu hii ina zaidi ya miaka 1,400, na sisi wenye magari tumeacha vichochoro ambavyo hata bajaji inakwama.

Ulipoanzishwa mji wa Kufa zama za Sayyidna Umar (r.a.), mwaka wa 17 Hijria, wanahistoria wameandika kuwa njia kuu zilipangwa dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro 7. Njia zilitangulia, nyumba zikafuata. Sisi tunatanguliza nyumba, halafu tunakuja kutafuta njia kwa ugomvi.

PILI: HUO UBISHI UNAUA

Mmekwisha kubeba jeneza kwenye vichochoro vyetu? Mnajua linavyofika kwenye kona likagoma, mpaka maiti ya Muislamu ainamishwe ubavu kama kabati linalohamishwa. Huyo amekwisha kufa, na bado tunamnyima njia. Je, mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku? Anabebwa kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani. Je, nyumba ikishika moto? Gari la zimamoto litasimama barabara kuu na kuangalia moshi.

Na choo je? Gari la majitaka halifiki uani, kwa hiyo shimo likijaa linangojewa masika, kisha mtu anatapisha choo usiku mvua ikinyesha. Uchafu unakwenda wapi? Kwenye kisima cha jirani, kilichochimbwa hatua chache kutoka hapo. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikasambaa mikoani na Zanzibar, kikaua watu. Tukasema ni qadar ya Allah. Qadar tunaiamini, lakini aliyefungulia kinyesi kwenye maji ya watu asijifiche nyuma yake. Mtume (s.a.w.) ameharamisha kudhuru na kudhuriana. Kipindupindu ni madhara.

Kuna madhara mengine ya polepole. Daktari anamwambia mama mwenye kisukari na presha atembee nusu saa kila siku. Atembee wapi? Kiwanja cha watoto kimegeuzwa fremu za maduka. Watoto wanacheza mpira katikati ya bodaboda.

TATU: MAJIBU YA WANAOPINGA

Wapo wanaosema mipango miji ni mambo ya wakoloni. Ni kweli kwamba Dar es Salaam waliigawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja wakaiacha wazi ili kututenga na wao. Hiyo ni dhulma. Lakini uwanja huohuo leo watu wanapumzikia, na Idd tunaswalia. Dhulma ilikuwa ubaguzi. Uwanja wenyewe ni neema, na laiti kila mtaa ungekuwa na wake.

Wapo wanaosema mipango haina faida kwa maskini. Nendeni Sinza na Kijitonyama. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuchonga barabara kabla watu hawajajenga. Vilikuwa viwanja vya watu wa kawaida. Watafiti waliokuja miongo kadhaa baadaye walikuta maeneo yaliyopangwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora kuliko yaliyoachwa yajengwe holela kisha yakarekebishwa.

Na wapo wanaosema wakubwa nao wanavamia maeneo ya wazi. Hapo mmesema kweli, na sitawatetea. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Ewe mtumishi unayeuza uwanja wa watoto kwa bahasha, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayedhulumu ardhi, japo shubiri moja, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Wewe umechukua uwanja mzima. Shingo utaitoa wapi?

Lakini dhulma ya mkubwa haihalalishi dhulma yako ndogo.

Na kamati zetu za misikiti tusijitoe. Ardhi ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina ilikuwa ya mayatima wawili. Walitaka kuitoa bure, naye akakataa mpaka akainunua. Leo mtu anajenga msikiti au vyumba vya kupangisha vya msikiti juu ya eneo la wazi la mtaa mzima, ukimuuliza anakwambia ni kazi ya Allah. Allah ni Mzuri, hapokei ila kilicho kizuri.

NNE: CHA KUFANYA

1. Mkutano wa urasimishaji ukiitishwa, nenda, na uachie sehemu yako. Ikiwa mstari unapita kwenye chumba cha mjane, wenye nafasi mchangeni mumjengee kingine. Barabara ni ya wote, hasara isiwe ya mmoja.

2. Ukiona tangazo la kubadili matumizi ya ardhi, baa au gereji inataka kuwekwa ubavuni mwa shule, peleka pingamizi la maandishi mapema. Kulalamika barazani baada ya jengo kusimama hakuna faida.

3. Dai ramani ya mtaa ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na maeneo ya wazi yasomwe mbele ya watu. Mwizi wa ardhi ya umma hapendi ramani.

4. Unayejenga sasa, acha njia kabla ya msingi. Shimo la choo liweke mbali na kisima, chako na cha jirani, na gari la majitaka liweze kulifikia.

Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Mwiba tunauokota. Ukuta je?

Ya Allah, tupe nyoyo za kuachiana kabla ya kulazimishana, uwalinde watoto wetu na maradhi, na usitukutanishe nawe tukiwa tumebeba shubiri ya mtu shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenyekiti wako wa mtaa.