Nguva si Jini

Aghalabu neno nguva linapotajwa, wengi huwaza jini wa majini, nusu mwanamke nusu samaki, mwenye nywele ndefu na hila za kuwapumbaza mabaharia. Dhana hii si ya Waswahili pekee. Mnamo 1493 Christopher Columbus alidai kuwaona viumbe wa aina hiyo katika bahari ya Karibi. Wataalamu wanaamini kwamba aliowaona walikuwa jamaa za nguva. Hata mwaka wa 2012, idara ya bahari ya Marekani, NOAA, ililazimika kutangaza kwamba hakuna ushahidi wowote wa kuwapo kwa binadamu wa majini.

Nguva halisi ni mnyama, wala si samaki. Huvuta hewa kwa mapafu, hula nyasi za baharini na humnyonyesha mwanawe kwa matiti yaliyo karibu na kwapa. Yamkini hapo ndipo hekaya ilipochipukia. Huzaa mtoto mmoja tu baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo nyavu za jarife zinazomnasa humwangamiza upesi. Mnamo 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki waliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Ngano za nguva ni hazina ya fasihi simulizi, na zihifadhiwe. Kosa ni kuzigeuza elimu ya viumbe. Mwanafunzi wa Kiswahili, aliye mlinzi wa maana za maneno, ana wajibu wa kumtenga jini wa ngano na mnyama wa baharini. Ni nani atakayehuzunika jini akitoweka?