Nani Mwingine Amesikia Wito Wako?

"Nimeitwa" ni neno lenye nguvu ya ajabu katika jamii yetu. Kijana akitangaza kwamba anataka kuwa hakimu, tutamwuliza amesomea wapi sheria. Akitaka ubunge, tutamwuliza amewatendea nini wananchi wa jimbo lake. Lakini akisema ameitwa na Mungu kutumika kanisani, mazungumzo hukoma, maana ni nani atakayethubutu kumsaili Mungu? Mimi hufundisha masuala ya utawala, na katika fani yetu pale maswali yanapokoma ndipo tunapopaswa kuanza kuuliza.

Nisieleweke vibaya. Ninaamini kwamba wito upo. Nimewafahamu mapadre, watawa na wachungaji ambao maisha yao hayana maelezo mengine. Ninachokikataa ni fikra, inayozidi kuenea siku hizi, kwamba wito ni siri ya mtu mmoja na Mungu wake, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kupokea taarifa na kutoa sadaka. Kiswahili kina neno "kujituma", nasi hulitumia kwa sifa. Katika kazi ya Mungu lingefaa kutushtua.

Tazama kisa cha Samweli, ambacho wahubiri hupenda kukisimulia. Mtoto yule alisikia sauti usiku, na mara tatu akamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Hakuweza kuitambua sauti peke yake. Ilibidi Eli ndiye amweleze ni nani anayemwita na ajibu nini. Na Eli huyo hakuwa kiongozi wa kupigiwa mfano: macho yake yalikuwa yamefifia, na wanawe walikuwa wakijilia sadaka za watu. Hata hivyo wito wa kijana ulipitia kwake. Isitoshe, ujumbe wa kwanza aliopewa Samweli ulikuwa habari mbaya kuhusu nyumba ya mlezi wake, na asubuhi aliogopa kuusema. Ndivyo ulivyoanza utumishi wake.

Makanisa ya zamani yaliuelewa ukweli huu na kuujengea utaratibu. Mkatoliki anayetaka upadre hupita seminari kwa miaka mingi, na kabla ya kupewa daraja jina lake hutangazwa parokiani ili mwenye kujua kikwazo akiseme. Katika ibada ya Kianglikana ya kuwapa watu daraja, askofu huwauliza waumini mbele ya mhusika kama yupo anayejua sababu ya kumzuia. Walutheri hutaka kijana apendekezwe na kanisa lake kabla ya kupelekwa chuoni, na chuo chao cha teolojia, kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954, kimepokea vizazi vya vijana waliotumwa hivyo. Utaratibu huu una kasoro zake. Upendeleo upo, na wapo waliofika madhabahuni kwa sababu ya mjomba. Lakini kiini chake ni kizuri: yupo mtu mwenye haki ya kusema hapana.

Humkumbuka Cecil Majaliwa, Myao aliyetiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa na wamisionari wa UMCA huko Zanzibar. Walimtuma Chitangali, kusini, katika nchi ya Wayao, akatumika huko kwa miaka mingi, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kubaki pwani, penye shule na marafiki, alikubali kutumwa bara kusikokuwa na makofi. Hakujichagulia kituo.

Linganisha na leo. Mtu hugombana na mchungaji wake Jumapili, na Jumapili ifuatayo ana turubai, spika mbili na cheo cha nabii, na baada ya mwaka ni mtume. (Sijapata kuona anayeanza na cheo cha shemasi.) Aliyemwita ni mmoja, aliyemthibitisha ni yeye mwenyewe, na mweka hazina ni mkewe. Si wote ni matapeli. Wengi, nadhani, ni wakweli kabisa, na hilo ndilo linalotisha, maana mtu mkweli asiye na wa kumzuia hufika mbali kuliko tapeli.

Tumekwisha kuona matokeo. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika uchunguzi uliomhusu mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri huyo alifikishwa mahakamani. Matukio haya mawili hayalingani, lakini yote yanauliza swali lile lile: nani alikuwa na uwezo wa kusema "basi, inatosha"?

Wako wanaosema dawa ni serikali. Rwanda ilifuata njia hiyo: sheria yake ya mwaka 2018 iliwataka wahubiri wawe na shahada ya masomo ya dini, na maelfu ya nyumba za ibada yalifungwa. Ninaelewa hasira iliyozaa sheria hiyo, lakini mimi, ninayeishi kwa kutoa vyeti, najua cheti hakipimi wito. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mkulima wa mikuyu. Kwa kipimo hicho asingefungua kinywa. Na dola inayoamua leo nani ameitwa, kesho itaamua aseme nini. Serikali ikague majengo, hesabu na jinai. Wito ukaguliwe na kanisa lenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya vijana. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaoniambia wanataka kuacha masomo kwa kuwa wameitwa. Ajira ni haba, na sitawalaumu kwa kuchanganya njaa na sauti. Vyote viwili hukosesha usingizi. Wapo pia walioitwa kweli, nao ndio wanaonihuzunisha, kwa sababu tumelichakaza neno lenyewe. Serikali humwambia mwalimu na muuguzi kwamba kazi yao ni wito hasa wanapodai nyongeza ya mshahara. Kanisa humwambia mwinjilisti wa kijijini vivyo hivyo: huyo ndiye anayezika, anayefundisha kipaimara na kuhubiri Jumapili tatu kati ya nne, naye hupewa mahindi ya mavuno na ahadi, huku gari jipya likienda makao makuu. Kijana mwenye akili akiona hivyo, atachagua turubai na spika, na tutakuwa tumemfundisha sisi.

Basi ninapoulizwa, huuliza mambo mawili. Kwanza, nani mwingine amesikia? Nataka kumjua mzee wa kanisa, katekista au mama wa kwaya aliyekuona ukitumika akasema hili linakufaa, na aliye huru kukwambia halikufai. Pili, ukipangiwa usharika usiofikika masika, chini ya mchungaji usiyempenda, na kazi yako iwe shule ya Jumapili kwa miaka miwili, utakwenda? Wengi hucheka. Wachache hunyamaza, kisha huuliza kama wanaweza kumaliza shahada kwanza. Hao huwaambia wamalize, na wakirudi nyumbani likizo waanze na watoto wa Jumapili.