Sataranji yetu inakosa karatasi

Ukisema michezo hapa mashariki mwa Kongo, watu wanaelewa kandanda. Kidogo pia kikapu na ndondi. Sataranji, ile wengi wetu tunaiita échecs kwa Kifaransa, inaachwa kibarazani, kwa ajili ya kupitisha saa wakati umeme umekatika. Kwetu sisi, huko ni kuidharau.

Chukua mchezo mmoja wa mashindano kati ya watu wawili wa kawaida, mwalimu na mwanafunzi kwa mfano, wasio na cheo chochote. Kila mmoja ana kete 16, na kando ya ubao iko saa inayohesabu muda wa kila mmoja. Ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, lazima uicheze, hata kama ni malkia na anakwenda kuliwa. Hakuna kusema «nilikuwa napima tu». Na kila hatua inaandikwa na wachezaji wote wawili; ubishi ukitokea, mwamuzi anasoma karatasi, hamsikilizi mwenye sauti kubwa. Katika miji ambamo ugomvi wa mpaka wa kiwanja unazeesha watu tribinali, si jambo dogo kijana azoee hivyo.

Lakini karatasi hiyo ndiyo inatushinda. Shirikisho la dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka wa 1924, linampa mchezaji alama za kwanza akiisha kucheza michezo isiyopungua mitano na watu wenye alama tayari, katika mashindano yaliyoandikishwa. Kijana wa Bukavu au Butembo anaweza kuwashinda wote mtaani. Bila saa, bila mwamuzi, bila karatasi, nje ya mtaa hajulikani.

Jirani zetu wa Uganda walianza na kidogo. Phiona Mutesi alifundishwa na Robert Katende katika mtaa wa Katwe, Kampala, mahali watoto walipewa uji pamoja na mchezo. Mwaka wa 2012 alipata cheo cha kimataifa kule Istanbul.

Tunawaomba wakuu wa shule na idara za michezo za majimbo: mbao chache, na mwalimu mmoja kwa kila shule afundishwe uamuzi. Saa za kweli zitafutwe pia. Programu ya saa kwenye simu inafaa kwa mazoezi, lakini kwenye mashindano simu ya mchezaji haikubaliwi.