Mpingo wa Mpakani si Kuni

Ndugu mkulima, ukipita sokoni jioni utawaona vijana wameizunguka meza ya kijani, wanasukuma mipira kwa fimbo. Mchezo huo ni puli, na wazee wengi hatuupendi kwa kuwa unakula wakati wa jembe. Leo sikuja kuugombeza mchezo. Nataka tuitazame ile fimbo, maana inalihusu shamba lako kuliko unavyodhani.

Fimbo ya sokoni ni ya bei rahisi, na uzuri wake ni rangi tu. Lakini wachezaji wakubwa wa Uingereza, Marekani na China huchagua fimbo kama wewe unavyochagua ng'ombe wa maziwa. Sehemu ya mbele huwa ya mti mweupe wa nchi za baridi, kama eshi au mepo. Sehemu ya nyuma, inayoshikwa mkononi, hutengenezwa kwa mti mzito mweusi, na mara nyingi mti huo ni abunusi. Fundi huchonga ncha ndefu katika mti mweupe, akaupachika mti mweusi, akaunganisha kwa gundi, kisha akaranda mpaka huoni mahali vilipokutana.

Kwa nini mti mweusi? Kwanza, ni kwa ajili ya uzito. Fimbo nzima ina uzito wa nusu kilo au zaidi kidogo, na mchezaji hutaka sehemu kubwa ya uzito huo ikae nyuma, karibu na mkono. Pili, mti mgumu haupati makovu upesi. Tatu, ukikaushwa vizuri haupindi. Nne, ukisuguliwa hung'aa kama kioo.

Abunusi ya fimbo hizo hutoka nchi kama Kameruni na Indonesia. Lakini sisi tuna mpingo. Hauko katika jamii moja na abunusi, bali sifa zote nne unazo, na mafundi wa ng'ambo huutumia kwa fimbo, kwa filimbi na kwa zumari. Meta moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Ya msaipresi haifiki nusu yake. Tupa kipande cha moyo wa mpingo katika ndoo ya maji utaona kinazama kama jiwe.

Sasa nikuambie kosa langu mwenyewe. Nilipopata shamba katika skimu, kazi ya kwanza ilikuwa kufyeka. Mpakani ilikuwako mipingo, imepinda, ina miiba, na mimi niliiona kuwa magugu makubwa. Nikakata mitatu kufanya nguzo za boma la ng'ombe, na iliyosalia nikaichoma makaa. Magunia ya makaa yaliuzwa, fedha ikaliwa mwezi uo huo. Miaka mingi baadaye mchonga vinyago alipita kwangu kuomba maji. Aliitazama nguzo ya boma, akatoa kisu, akaikwangua. Chini ya vumbi na mavi ya ng'ombe palikuwa peusi tititi. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mzee, mingine iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Mchonga vinyago yule alijua alichokuwa anauliza. Kazi ya vinyago ya Wamunyu ilianzishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914-1918. Kazi hiyo ikalisha nyumba nyingi Ukambani na Mombasa. Lakini mpingo ulikatwa bila kupandwa, ukawa adimu, ukafuatwa muhugu, nao ukapungua. Leo wachongaji wengi wanachonga mwarobaini na mwembe. Ni miti mizuri, nao wanafanya vema kuitumia, lakini si mpingo.

Watu husema, "Basi tupande mpingo, tutajirika." Hapana. Sitaki kukudanganya. Mpingo huchukua miaka 70 hata 100 kupata unene wa kuuzwa. Ukitaka fedha ya karo katika sehemu kavu, panda mukau, ambao hutoa mbao nzuri kwa muda wa miaka kumi hivi hadi kumi na mitano. Mbegu yake ni ngumu kuota, kwa hiyo nunua miche. Taasisi ya Utafiti wa Misitu imeushughulikia sana mti huo huko Kitui. Na wewe mkulima wa nyanda za juu zenye baridi, mpingo si wako. Wewe tunza mizeituni ya mwitu iliyobaki kwako.

Shauri langu ni kwa yule ambaye tayari anao mpingo. Mti uliokwisha kukaa miaka 50 katika shamba lako ni urithi uliolelewa na Mungu na mvua. Kuuchoma makaa ni sawa na kuchinja ng'ombe mwenye mimba kwa sababu umetamani supu.

Wengine husema, "Mpingo wangu umepinda, nani ataununua?" Hapo ndipo fimbo ya puli inapotufundisha. Mshikio wake hautaki gogo refu. Kipande kilichonyoka cha nusu meta, kisicho na ufa, kinatosha. Hata mti uliopinda una vipande vya namna hiyo, lakini vimo mpaka siku utakapoutia katika tanuri la makaa.

Tena tusichague kwa macho ya kiburi. Huko Kameruni wakataji waliangusha miti ya abunusi, wakikuta ndani ina mistari ya kahawia waliiacha ioze msituni, kwa kuwa wanunuzi walitaka weusi mtupu. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Marekani, Taylor Guitars, ikishirikiana na wenziwe wa Hispania, ilinunua kiwanda cha kupasulia abunusi mjini Yaoundé, ikaanza kutumia hata ile yenye mistari. Mnunuzi akikuambia mpingo wako si kitu kwa sababu una mistari, usikubali upesi.

Basi fanya hivi.

Utambue mpingo wako. Ni mti mdogo wenye mashina mengi, miiba, vijani vidogo na maganda membamba ya mbegu. Ukikata tawi lililokomaa, nje ni njano hafifu, ndani ni nyeusi. Mti huu hurutubisha udongo, na mifugo hula majani yake, basi haukuibii shamba.

Uzuie moto, hasa kwa miche na machipukizi. Kisiki cha mpingo huchipua. Chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyoka, mengine uyapunguze, na mbuzi wasiyafikie.

Usiuze mti ukiwa umesimama kwa mtu wa lori asiye na karatasi. Muulize kwanza Bwana Misitu, kwa maana mti hausafirishwi bila hati ya Shirika la Misitu. Tena tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika mkataba wa mataifa, na magogo yake hayavuki mpaka bila cheti. Ndugu yake wa Brazili alifungiwa biashara tangu 1992 kwa sababu alikuwa hatarini kwisha. Wetu usifikie hapo.

Ukikata mti kwa ruhusa, pakaa nta au rangi nzito kwenye ncha za magogo siku ile ile, uyaweke kivulini, na uyaache yakauke polepole, hata miaka miwili. Mpingo ukikaushwa juani hupasuka, na mpingo uliopasuka ni kuni.

Mwisho, wakulima wenye mipingo waungane katika chama cha ushirika, watafute fundi mwenye mashine ya kukereza. Mtu mmoja mwenye miti miwili hana sauti mbele ya mnunuzi. Watu 40 wanayo. Na kwa nini mshikio wa fimbo wanayochezea vijana wetu usikerezwe hapa hapa na mmoja wao?

Nguzo ile ya boma ningali nayo. Nimekataa kuiuza. Mjukuu wangu huniuliza kwa nini ninaipangusa, na mimi humpeleka mpakani kumwonyesha machipukizi mawili niliyoyazungushia miiba. Sitayaona yakiwa na unene wa paja. Yeye huenda akayaona.

Nawe leo jioni, kabla ya giza, zunguka mpaka wako ukahesabu.